Nimepewa orodha yenye Core i7 na RAM ya GB 32: nilipe au nisilipe?

"Shikamoo fundi. Nimeweka akiba karibu mwaka mzima ili nipate kompyuta ya gemu ya kujengewa. Bajeti yangu ni ya mtu anayeanza. Nacheza Valorant na gemu za mpira, na natamani GTA V na gemu kubwa za hadithi. Kuna mtu ananijengea, kanipa orodha hii: prosesa Core i7-4770, RAM GB 32, kadi ya picha ya GB 4, diski ya TB 1, pawa saplai ya wati 700, na kasha la kioo lenye feni 6 za taa. Anasema i7 haina mpinzani na wati 700 zinatosha na kubaki. Rafiki yangu anasema prosesa itaibana kadi. Kaka yangu ananiambia niachane na kompyuta, ninunue PlayStation. Skrini sijanunua bado. Kompyuta nitaitumia pia kwa masomo, na nimeanza kujifunza kuhariri video. Pesa hii nikiipoteza sitaipata tena hivi karibuni. Nilipe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usilipe bado. Akiba ya mwaka mzima inastahili siku chache zaidi za kufikiri.

Nikikusoma vizuri, unaogopa mambo mawili. La kwanza ni kununua mashine itakayoshindwa gemu unazozitamani kabla hata hujaizoea. La pili ni kwamba umezungukwa na watu watatu, mjenzi, rafiki na kaka, na hujui ni yupi wa kumsikiliza. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ila cha mjenzi ndicho kidogo kuliko vyote. Sisemi ni tapeli. Huenda anauza alichonacho stoo. Lakini hebu tazama namba alizozitanguliza: 7, 32, 700, 6. Zote zinavutia jicho, na hakuna hata moja inayokuambia gemu itakwendaje. Mambo ambayo yangekuambia hayamo kwenye orodha: jina kamili la kadi ya picha, aina ya diski, na nani aliyetengeneza hiyo pawa saplai.

Tuanzie kwenye kinachotokea ndani ya kasha wakati unacheza. Ukikielewa hiki, orodha yoyote utaisoma mwenyewe.

Gemu ni mfululizo wa picha zinazopita mbele ya macho yako, na kila picha huitwa fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta inapewa takriban milisekunde 16.7 kuandaa kila moja. Ukitaka 144, inabaki na milisekunde 6.9 hivi. Ndani ya muda huo mfupi kuna mafundi wawili wanaopokezana kazi, kama karakana ya ushonaji. Prosesa ni mkataji. Yeye ndiye anayepima na kuamua: adui amejificha wapi, risasi imempata nani, mpira umedunda kuelekea upande gani. Akishaamua, anakata vitambaa na kumsogezea mwenzake. Kadi ya picha ni mshonaji. Inapokea vile vipande na kuvishona kuwa picha kamili, pikseli baada ya pikseli, pamoja na vivuli, mwanga na maji yanayometameta.

Mkataji akiwa mzito, cherehani inakaa kimya ikisubiri. Mshonaji akiwa mzito, vitambaa vinarundikana mezani. Kwa vyovyote vile, idadi ya nguo zinazotoka mlangoni inaamuliwa na yule aliye nyuma. Huko ndiko kubana anakokusema rafiki yako, na hapo yuko sahihi. Anapokosea wengi ni kudhani kwamba kuna kompyuta isiyobana popote. Haipo. Daima mmoja atamsubiri mwenzake. La muhimu ni amsubiri kidogo, na ikiwezekana prosesa ndiyo iisubiri kadi, kwa sababu hapo mchezo huenda kwa utulivu na unaweza kupunguza ubora wa picha ili kadi ipumue. Prosesa ikiwa ndiyo iliyozidiwa, gemu hukwama kwa vipindi, inaruka, inasita wakati wa mapambano, na kupunguza ubora wa picha hakusaidii sana, maana unampunguzia kazi mtu ambaye tayari hakuwa na kazi.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mkataji hajali nguo itashonwa kwa mishono mingapi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli karibu milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Ya 4K ina milioni 8.29, yaani mara 4 ya ile ya kwanza. Ukibadilisha skrini, kazi ya prosesa inabaki karibu ileile, lakini kazi ya kadi inapaa. Kwa hiyo skrini ndiyo inayoamua kadi, na kadi ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya bajeti. Katika barua yako nzima, sentensi iliyonifurahisha ni ile ya "skrini sijanunua bado". Umebahatika kuanza mahali panapofaa bila kujua. Kwa bajeti ya kuanzia, chagua 1920 kwa 1080 yenye Hz 144 au zaidi, yaani inayoweza kuonyesha fremu 144 kwa sekunde. Valorant ni gemu nyepesi kwa kadi na inategemea zaidi prosesa, kwa hiyo fremu nyingi utazipata na utaziona. Gemu za hadithi utazicheza kwa fremu 60 na kitu, zikiwa na sura nzuri, na skrini ileile itakufaa.

Turudi kwenye orodha. Core i7-4770 ilitoka mwaka 2013. Ilikuwa prosesa nzuri sana wakati wake, na bado inaendesha kazi za ofisi bila taabu. Lakini neno "i7" peke yake ni cheo, na cheo bila mwaka hakina maana. Ina viini 4, yaani wakataji 4 ndani yake, na nyuzi 8 za kazi, yaani foleni 8 za kazi wanazoweza kuzishika kwa pamoja. Core i3-12100F, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, nayo ina viini 4 na nyuzi 8, na inaiacha i7 hiyo mbali kwenye gemu, kwa sababu kila kiini chake kinafanya mengi zaidi kwa kila pigo la saa yake ya ndani na kinapata data kutoka RAM iliyo haraka zaidi. I3 inaishinda i7! Ukimwambia mjenzi wako hivyo atashangaa, au atajifanya kushangaa.

Kusoma jina la prosesa ya Intel si kazi ngumu. Kwenye i5-12400F, tarakimu mbili za mwanzo, 12, ni kizazi, na herufi F maana yake haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi hutaona kitu kwenye skrini. Kwenye i7-4770, tarakimu ya kwanza ni 4: kizazi cha nne. Kuna hasara nyingine ambazo orodha haikukuambia. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka). Zisipowashwa, haikuruhusu kucheza. Kuna njia za kupitisha Windows 11 mlango wa nyuma kwenye mashine ya zamani, lakini kwa mtu ambaye gemu yake ya kila siku ni Valorant, siwezi kukushauri ujenge nyumba juu ya mlango wa nyuma.

Halafu soketi yake, yaani tundu inamokaa prosesa, ni LGA1150, na RAM yake ni DDR3, ya kizazi cha zamani. Siku ukitaka kupandisha hali, utabadilisha prosesa, madabodi (bodi kuu inayobeba vyote) na RAM kwa pamoja. Zile GB 32 ulizojivunia hazitahama nawe hata moja.

Na tukiwa kwenye RAM: nyingi haifanyi gemu iende mbio. RAM ni meza ya kukatia. Meza ikiwa ndogo mno, vitambaa vinaanguka na kazi inasimama. Ikishatosha, kuiongeza upana hakumpi mkataji mikono mingine. Kwa gemu za leo GB 16 ndiyo mahali pa kuanzia. Uhariri wa video utapenda GB 32, lakini hiyo unaweza kuiongeza baadaye, ilimradi ununue madabodi yenye nafasi 4. Kilicho muhimu kuliko ukubwa ni kununua vipande viwili badala ya kimoja: GB 8 mara mbili. Madabodi inazungumza na RAM kupitia njia mbili, na ukiweka kipande kimoja umefunga njia moja. Kwa DDR4 ya 3200, njia moja hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde na mbili hupitisha 51.2. Nimewahi kuletewa mashine "inayokwama" ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa kipande kimoja cha RAM, na nyingine ilikuwa na viwili lakini vimechomekwa kwenye matundu yasiyo sahihi. Mara nyingi matundu ya kuanza nayo ni la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha madabodi kitakuthibitishia.

"Kadi ya GB 4" ndiyo sehemu ya orodha iliyonifanya nikuambie usilipe. Huko ni kuambiwa gari lina tangi la lita 50 bila kuambiwa ni gari gani. Kuna GT 730 ya GB 4, kadi dhaifu ya mwaka 2014 ambayo hata ilipotoka haikuwa ya gemu kubwa. Kuna GTX 1650 ya GB 4, ya mwaka 2019, ambayo inaendesha Valorant vizuri na gemu nyingi za kati. Namba ni ileile na umbali kati yao ni mkubwa mno. Kuna pia RX 6500 XT ya GB 4, ambayo hutumia njia 4 tu za kuwasiliana na madabodi. Kwenye madabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia hizo), kama hiyo ya i7-4770, inapoteza nguvu kwa namna inayoonekana. Dai jina kamili. Mwuzaji akisita kulitaja, umeshapata jibu lako.

Kwa skrini niliyokushauri, tafuta kadi yenye angalau GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe, kwa sababu gemu kubwa za miaka hii zinajaza GB 4 haraka, na zikijaa kadi inaanza kukopa kwenye RAM, ambayo kwake ni mbali. RX 6600 ya GB 8 ni chaguo ninalolipenda kwa mtu wa bajeti: inakula wati 132 tu na inamudu 1080 vizuri. RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ya GB 8 huwa ghali kidogo, ila kwa kuwa unahariri video zina faida, maana programu nyingi za uhariri zinaelewana vizuri na kadi za NVIDIA. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, wewe ningekuelekeza huko. Arc B580 ya Intel, yenye GB 12, ni kadi nzuri kwa thamani yake, lakini inataka prosesa ya kisasa na Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja) ikiwa imewashwa. Ukiichomeka kwenye mashine ya zamani itakuangusha.

Sasa pawa saplai. Hapa nivumilie, nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma nilimjengea rafiki kompyuta. Pesa ilipungua mwishoni, na sote wawili tukakubaliana kubana kwenye pawa saplai, "tutaibadilisha baadaye". Ilikuwa imeandikwa wati nyingi na ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu. Ilifanya kazi miezi michache. Usiku mmoja katikati ya gemu ilizima, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, na haikuondoka peke yake: ilichukua madabodi na diski yenye picha za familia yake. Madabodi tulinunua nyingine. Picha hazikurudi. Tangu siku hiyo sijengi mashine ya mtu yeyote kwa pawa saplai ambayo siijui, hata akinibembeleza.

Kazi ya kifaa hiki ni kuchukua umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia. Prosesa na kadi ya picha, walaji wakubwa, wote wanakula kwenye volti 12. Kwa hiyo usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza kifaa usome lebo. Tafuta safu ya 12V, chukua ampea zilizoandikwa pale, zidisha kwa 12. Nzuri ya wati 550 itakupa kiasi kinachokaribia wati 550 hizo kwenye volti 12. Ukikuta imeandikwa wati 700 lakini safu ya 12V ina ampea 25, basi kwa kazi yako hiyo ni pawa saplai ya wati 300, na hizo nyingine zimejazwa kwenye volti ambazo kompyuta ya leo inazitumia kidogo. Lebo isiyo na ampea kabisa, irudishe palepale ilipokuwa.

Alama ya 80 Plus nayo inaeleweka vibaya. Inapima umeme kiasi gani unapotea kama joto, basi. Haipimi kama kifaa kitajizima chenyewe kukiwa na shoti au volti ikipanda. Bado ni dalili njema, kwa sababu kiwanda kilichojisumbua kupimwa mara nyingi kimejisumbua na mengine, lakini soma pia kama ina kinga za kuzidiwa mzigo, kupanda kwa volti na shoti. Kwa mashine yenye prosesa ya wati 65 na kadi kama RX 6600, wati 550 za kweli zinatosha na zinabaki nafasi ya kadi kubwa kidogo baadaye. Hizo 700 za kwenye orodha yako huzihitaji hata kama zingekuwa za kweli. Na neno la mwisho juu ya hili: kama kebo zake zinachomoka, usichanganye kebo za pawa saplai moja na nyingine hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa nyaya upande wa kifaa hutofautiana, na diski zimeungua kwa kosa hilo.

Diski nitapita haraka. Kama "TB 1" ni diski ya kuzunguka, ikatae iwe diski kuu. Nunua SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. SSD ya SATA, aina ya zamani ya kuunganisha, husoma hadi kama MB 550 kwa sekunde, ya NVMe, aina mpya inayopita kwenye njia za PCIe 3.0, hufika kama 3500, na diski ya kuzunguka ni kama 150 tu kwenye mafaili makubwa na chini zaidi kwenye madogo. Tofauti kati ya kuzunguka na SSD utaiona siku ya kwanza; kati ya SSD hizo mbili utaiona kidogo. Angalia tu kwamba M.2, utakayoiona kwenye SSD nyembamba, ni umbo la kifaa. Kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe, na madabodi nyingine hazipokei zote.

Kasha na taa: hewa iingie mbele, itoke nyuma. Kasha lenye wavu mbele na feni 2 au 3 lina baridi kuliko la kioo kilichozibwa lenye feni 6 zinazopiga hewa ukutani. Ukizipenda taa, sina ugomvi nazo, ongeza mwakani.

Basi ujenge nini? Uamuzi wangu kwa mtu kama wewe ni huu. Thuluthi moja hadi asilimia 40 ya pesa ya kompyuta yenyewe, skrini ukiiweka pembeni, iende kwenye kadi ya picha, na karibu sehemu moja ya kumi iende kwenye pawa saplai bila majadiliano. Prosesa iwe ya viini 6: Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel. Zote zina nyuzi 12 na hazitaibana kadi ya daraja hilo kwa kiwango cha kukusumbua. Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4, ambayo ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na imefika mwisho wa safari yake. Madabodi zake na RAM ya DDR4 ni nyingi sokoni, mpya na zilizotumika, na ndiyo nguvu yake. Kama mfuko unaruhusu kusogea, AM5, soketi mpya zaidi, yenye Ryzen 5 7600 inakudai RAM ya DDR5 na madabodi ya bei zaidi, lakini AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo miaka ijayo utabadilisha prosesa peke yake. Mimi ningechukua AM5 iwapo tu haininyang'anyi daraja moja la kadi ya picha. Ikininyang'anya, nabaki AM4 na kadi nzuri.

Kuna njia ya tatu, ya subira. Unanunua prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, unacheza Valorant na gemu za mpira kwa ubora wa chini, unasoma, unahariri video fupi, kisha kadi unainunua pesa ikipatikana. Ni njia ya heshima, na nimeona wengi wakifika kwayo. Ubaya wake ni kwamba 5600G ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 wakati 5600 ina 32, na inaishia PCIe 3.0, kwa hiyo ukija kuweka kadi itakuwa nyuma kidogo ya ndugu yake. Na ukiichagua, RAM vipande viwili si ushauri tena bali ni lazima, kwa sababu picha zenyewe zinachorwa kwa kutumia RAM hiyo.

Vilivyotumika je? Prosesa iliyotumika nainunua bila hofu, huwa haifi kirahisi. RAM pia, baada ya kuipima kwa MemTest86. Kadi ya picha nainunua nikiiona ikifanya kazi mbele yangu na si vinginevyo. Fungua GPU-Z, programu hiyo hutoa onyo ikigundua kadi iliyobadilishwa jina, na kadi za namna hiyo zipo, chipu ya zamani imeandikiwa jina la kadi mpya. Kisha iendeshe kwa mzigo dakika 15 au 20, sikiliza feni, tazama joto, tafuta vidoa vya rangi au mistari kwenye picha. Kadi iliyochimbia sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka. SSD iliyotumika naikwepa, na pawa saplai iliyotumika siigusi.

Ukishawishiwa na kompyuta ya ofisi iliyotumika ili uichomekee kadi, angalia kwanza ndani: nyingi zina pawa saplai ya umbo lake peke yake, isiyo na kebo ya kadi ya picha, na kasha fupi. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu, kwa hiyo utaishia kwenye kadi kama GTX 1650 isiyotaka kebo au RTX 3050 ya GB 6. Kwa Valorant na mpira inatosha. Kwa gemu za hadithi utatamani zaidi.

Kuhusu kaka yako, ana hoja nzito na ningependa uifikirie kweli. Kwa pesa ileile, siku ya kwanza, PlayStation itakupa picha ya gemu kubwa iliyo sawa au bora kuliko kompyuta ya bajeti, na hutahangaika na soketi wala draiva. Ungekuwa unacheza tu, ningemuunga mkono. Lakini wewe unasoma na unajifunza kuhariri video, na kazi hizo zingekudai kompyuta hata hivyo. Mashine moja inayofanya yote matatu ndiyo inayokufaa, na baada ya miaka 3 utabadilisha kadi tu.

Sasa rudi kwa mjenzi wako kwa upole. Mwombe akuandikie jina kamili la kila kifaa, kipi kipya na kipi kimetumika, na siku ngapi unaweza kukirudisha kikiwa na hitilafu. Kama ni mtu mwema atakubali kubadilisha orodha, na unaweza kuendelea naye. Siku ya kwanza, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi na si kwenye madabodi, XMP au EXPO iwashwe kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) ili RAM iende kwa kasi uliyoilipia, na kwenye mipangilio ya Windows uchague Hz 144, maana yenyewe mara nyingi inaanza na 60.

Kujenga mwenyewe unaweza, ni kazi ya jioni moja kwa mtu mtulivu. Lakini kuna mahali pa kusimama na kumtafuta fundi wa kukaa naye ana kwa ana. Ukikuta pini za prosesa au za soketi zimepinda, usizinyooshe kwa kubahatisha. Ukinunua madabodi ya zamani kidogo kama B450 na Ryzen 5 5600 isiwake, huenda BIOS inataka kusasishwa, na fundi mwenye prosesa ya zamani atakumalizia kwa dakika chache. Pawa saplai usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa siku nzima. Kapasita zake zinaweza kuwa bado zimeshika umeme wa kukudhuru. Na ukigusa kasha likakupiga shoti, hata ndogo ya kuwasha vidole, zima ukutani na umwite fundi umeme aikague soketi ya ukutani na waya wa ardhi kabla hujaliwasha tena.